Mteja wa Kiti cha Nyuma

Asubuhi ya mnada, Mama mdogo alilipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu lilikuwa na mikunjo, mara ya pili kwa sababu alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi wake siku zote huishia mikononi. Wangu huishia machoni. Nikiingia mahali natafuta kwanza mlango, halafu madirisha, halafu watu na wanakokaa. Nafanya kazi kwenye kampuni ya bima, nasoma taarifa za nyumba zilizoungua na magari yaliyopinduka, na mama yangu husema kazi hiyo imenikuta nikiwa tayari mwoga, haikunifundisha kitu.

Mama mdogo ni mdogo wake mama. Tangu akiwa msichana mpaka anastaafu alikuwa matroni wa bweni katika shule ya wasichana, na muda wote huo aliishi katika chumba cha mwisho wa korido: kitanda kimoja, kabati la chuma, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Hakuolewa, hakuzaa. Aliwauguza watoto wa watu, akawasuka, akawafuta machozi, wakamaliza shule wakaenda zao.

"Mimi ni kama stendi," aliwahi kuniambia huku akicheka. "Kila mtu ananipitia, hakuna anayelala."

Alipostaafu, shule ilitaka chumba chake. Kiinua mgongo kilikuwa kimetoka, na yeye alitaka kitu kimoja tu maishani. "Mlango," alisema. "Mlango ambao nikiufunga, hakuna mwenye haki ya kuugonga na kuniambia nihame."

Ndivyo tulivyofika kwenye mnada.

Nyumba yenyewe tulikuwa tumekwenda kuiangalia. Ilikuwa ndogo, mwisho wa mtaa uliotulia: vyumba viwili, sebule, korido fupi, baraza lenye sakafu nyekundu na geti la chuma linalolia. Mmiliki wa zamani alikuwa kijana muuza vipuri aliyeshindwa mkopo wa benki. Alikuwa ameishi pale bila mke wala mtoto, akahama na kila kitu chake. Hakuna aliyefia ndani. Hakuna aliyelaaniwa. Niliuliza. Mimi huwa nauliza.

Mnada ulifanyika katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilikuwa inapanda kupitia ngazi. Tuliketi safu ya pili. Dalali alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio, lakini sauti yake ilikuwa imemzidi mwili mara kumi. Ndiyo maana watu walimwita Kipaza.

"Nyumba inauzwa kama ilivyo!" alinguruma. "Ikivuja, inavuja na wewe. Ikiwa na panya, hongera, umepata na wapangaji!"

Watu wakacheka. Mama mdogo akacheka pia, kidogo, akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Dau lilianza chini. Mwenye kiwanda cha matofali, mzee mmoja mwenye tumbo kubwa, alipandisha, Mama mdogo akapandisha, mzee akapandisha tena. Kisha akamtazama Mama mdogo, akatazama jinsi alivyoushika ule mkoba, akapunga mkono. "Mwachieni mama wa watu."

Ilikuwa imekwisha. Kipaza aliinua nyundo yake ya mti. Mimi nikashusha pumzi.

Lakini nyundo haikushuka. Macho ya Kipaza yalikuwa yamepita juu ya vichwa vyetu, yakaenda mpaka nyuma kabisa ya ukumbi, na uso wake ukachangamka.

"Aa! Kumbe kuna mama mwingine kule nyuma! Mama wa mtandio wa kijivu, kaongeza!"

Niligeuka. Safu ya nyuma ilikuwa tupu. Viti vya plastiki, ukuta, swichi iliyotolewa kifuniko. Basi.

Kwa asiyejua, madalali wana mchezo huu. Dalali akiona mteja ana kiu na amebaki peke yake, humtungia mshindani, humweka ukutani, humpandishia dau mara mbili tatu, kisha humwondoa kabla mteja wa kweli hajakata tamaa. Wengi hutaja tu bei na kunyoosha kidole. Kipaza alikuwa fundi, tena aliipenda sauti yake mwenyewe.

"Kaja peke yake, mnamwona? Hana mume, hana dada, hana hata wa kumshikia mkoba. Hana mtu! Lakini nyumba hii anaitaka. Anaitaka kuliko wewe, mama wa bluu!"

Jamaa mmoja nyuma yetu aliguna. "Huyo mama wa Kipaza huyo, kila wiki yupo."

Nikamwinamia Mama mdogo. "Hakuna mtu kule nyuma."

"Najua," alininong'oneza.

"Basi nyamaza. Atarudi kwako mwenyewe."

"Na asiporudi?" Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nikinyamaza halafu nyundo ikashuka, nitamwambia nani?" Akainua mkono. Akaongeza.

Mama wa mtandio wa kijivu akaongeza. Mama mdogo akaongeza. Akaongeza tena, mpaka nikaona hata Kipaza anatokwa jasho, kwa kuwa Mama mdogo alikuwa ameufikia ukingo wa hela zake na dalali alijua. Papo hapo umeme ukakatika. Mapangaboi yakazubaa, watu wakaguna, na Kipaza, kwa haraka, akagonga meza. "Imeuzwa! Mama wa bluu! Twendeni tukapunge hewa!"

Wakati tunatoka nilipita safu ya nyuma makusudi. Viti vyote vilikuwa na vumbi la saruji lililopanda kutoka dukani chini. Kimoja hakikuwa nalo.

*

Alihamia na kitanda chake, kabati lake la chuma na cherehani aliyoiazima kwetu. Alishona mapazia mwenyewe, ya maua ya njano. Siku za kwanza nilimkuta akifunga mlango wa mbele na kuufungua, kufunga na kufungua, kwa raha tu.

"Sikiliza," aliniambia, akazungusha ufunguo. "Umesikia? Huo ni wimbo, mwanangu. Watu wanalipa kiingilio kusikiliza mambo ya ovyo kuliko hilo."

Mama naye alikwenda, akakagua sufuria, akalalamikia chumvi kwenye mboga, wakagombana kama kawaida yao na kucheka mpaka wakashikana mabega. Nakumbuka niliwaza kwamba sijawahi kumwona Mama mdogo akiketi hivyo, amejiegemeza, kama mtu ambaye hasubiri kengele.

Mimi nilikuwa nakwenda kila Jumamosi mchana. Jumamosi moja nilimkuta jirani, mama wa mapacha ambaye nyumba yake imegusana ukuta na ile, akifagia mbele ya kwake. Aliniita kwa mkono.

"Mdogo wangu, mwambie mama yako asimwache yule mwenzake nje na jua lote hili. Si vizuri."

"Mwenzake yupi, dada?"

"Si yule wa mtandio wa kijivu? Anayesimama hapo getini. Mimi namsalimia, haitikii. Anautazama tu mlango."

Nilitazama geti, halafu baraza. Hapakuwa na mtu. "Yukoje? Usoni, yukoje?"

Aliegemea ufagio akafikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Unajua," alisema polepole, "sijamwona usoni. Kila nikitaka kumtazama, najikuta naangalia mtandio."

Nikaingia ndani, nikamkuta Mama mdogo akifuta meza. Nikamweleza. Hakuacha kufuta. Alimaliza upande mmoja, akakunja kitambaa, akaanza upande wa pili.

"Huyo jirani naye habari zake zimechelewa," alisema. "Getini alishatoka. Sasa hivi yuko barazani."

*

Nilitaka kucheka. Nilimtazama nione kama na yeye anacheka. Kisha nikasikia.

Ilitoka upande wa pili wa mlango, chini kidogo ya kitasa, mahali ambapo mdomo ungekuwa kama mtu amekaa sakafuni. Haikuwa sauti ya mzee wala ya kijana. Ilikuwa kama sauti ya mtu ambaye hajawahi kuongea na mtu.

"Naongeza."

Mama mdogo hakugeuka. "Nami naongeza," alijibu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomjibu mtu anayekuuliza kama chai ina sukari.

Nje mapacha walikuwa wanapigania baiskeli.

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka chumbani. "Mama mdogo. Anaongeza nini? Hela?"

"Hela azitoe wapi?" Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye shida. "Alipewa nini siku ile? Alipewa mtandio, akapewa kuitaka nyumba yangu, akaambiwa hana mtu. Basi. Dau lake ni hilo hilo. Anakaa pale mlangoni ananihesabia. Hana mume. Nikamwambia na mimi sina. Hana mtoto. Sina. Hana rafiki. Hapo nilikwama. Wenzangu wa shule walikuwa wanakuja kila wiki, unawajua. Usiku huo huo akawa ametoka getini, kapanda baraza."

"Ukafanya nini?"

"Nikawaambia wasije tena."

Alisema hivyo akinyoosha shuka la kitanda. Shuka lilikuwa limenyooka tayari.

Nilimwambia mambo yote ambayo mtu angesema. Kwamba mnada umekwisha. Kwamba nyumba ni yake na benki imemkabidhi. Kwamba aje kwetu, alale chumbani kwangu, mimi nitalala sebuleni.

"Chumba cha watu tena?" aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. "Mpaka lini? Mpaka utakapoolewa, au mpaka dada yangu atakapochoka na kikohozi changu? Hapana, mama. Hapa nimefika."

*

Baada ya hapo simu yake ikaacha kupokewa. Mama alipiga asubuhi, akapiga mchana, akaweka simu juu ya meza akaitazama kama imemtukana.

"Nyumba imempanda kichwani," alisema. "Mdogo wangu ameota pembe. Amepata mlango, sasa anatufungia sisi." Kisha akaenda jikoni akakaa huko, na nilisikia bomba la maji likitiririka muda mrefu bila chombo kuoshwa.

Nilirudi kule peke yangu, siku ya kazi, nimetoroka ofisini. Geti lilikuwa wazi. Baraza lilikuwa tupu, na utupu ule haukunifurahisha. Mama mdogo alifungua mlango nafasi ya kiganja tu. Alikuwa amekonda. Gauni la bluu lilimning'inia mabegani.

"Yuko wapi?" nilinong'ona.

Alisogea kidogo ili nione. Nyuma yake ilikuwa sebule, na nyuma ya sebule korido fupi inayoelekea chumbani. Sakafuni, kwenye kona ya korido, kulikuwa na ncha ya kitambaa. Kijivu. Ncha tu, imelala kwenye saruji.

Niliikodolea macho. Nilikuwa najiambia ni tambara la kudekia.

Ikavutwa. Polepole. Kama mtu aliyeketi anavyojikusanyia nguo asikanyagwe.

"Usije tena, mwanangu," Mama mdogo alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti yake ilikuwa imenyooka, sauti ya matroni anayezima taa za bweni. "Ukija unanishusha dau."

Akafunga mlango. Nikasikia ufunguo ukizunguka. Halafu, ndani, karibu kabisa na mlango ule, sauti ya pili ikasema neno lake.

*

Kipaza nilimkuta ofisini kwake akinywa chai, miguu juu ya meza. Alinikumbuka. Nilipoanza kumweleza alicheka mpaka chai ikamwagikia shati.

"Dada yangu, yule mama nilimtunga! Hayupo! Hata akija kunidai siwezi kumpa risiti!"

"Najua ulimtunga," nilisema. "Nataka kujua ulimtungaje. Kwa sababu alivyo ndivyo ulivyomsema. Hajaongezeka kitu. Ana mtandio, hana mtu, anaitaka nyumba. Hana kingine chochote."

Alishusha miguu. "Nani kakwambia umuulize hivyo dalali?"

"Hakuna."

Bila kuikuza, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu wa kawaida kabisa. "Siku ile nilimuaga?" aliuliza.

"Nani?"

"Mteja wa ukutani. Lazima aagwe. Ukishamaliza unamtazama pale pale ulipomweka unamwambia, mama pole, umekosa, njoo wiki ijayo. Watu wanacheka, wanadhani ni utani. Kila dalali anafanya hivyo. Mimi mwenyewe sijui sababu, nilifundishwa hivyo kama unavyofundishwa kufunga geti." Alijifuta shati kwa kiganja, bila kuliangalia. "Umeme ulikatika. Nilikimbilia nje. Dada, sikumuaga."

Tulikwenda siku hiyo hiyo, alasiri, mawingu yakiwa yameshuka mpaka juu ya mabati. Kipaza alibeba nyundo yake ndani ya mfuko wa plastiki. Njiani alikuwa anajizoeza kwa mdomo: pole mama, umekosa, njoo wiki ijayo. Tulipofika mlango haukuwa umefungwa. Nadhani Mama mdogo hakuwa na nguvu tena za kuuzungusha ufunguo.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, amejishika mabega. Alikuwa amesimama kwa sababu kiti chake kilikuwa na mtu.

Nitasema nilichokiona tu. Mtu amekaa. Magoti pamoja, mikono mapajani. Mtandio wa kijivu umefunika kichwa ukashuka mpaka kifuani. Umeelekea kwetu. Na ndani ya mtandio, pale ambapo unatazama ukimtazama mtu, macho yangu yaliteleza. Yaliteleza kama mguu kwenye sabuni. Nilijaribu tena. Yakateleza.

Kipaza alinishika kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Sikumpa uso," alininong'oneza. "Nilisahau kumpa uso."

Kisha, na kwa hili nitamheshimu siku zote, alipiga hatua moja mbele. "Mama," alisema. "Pole. Umekosa. Njoo wiki ijayo."

Mtandio haukutikisika.

"Naongeza," ilisema sauti.

Kipaza aligeuka kwa Mama mdogo. "Ulimjibu? Tangu aje, umewahi kumjibu?"

"Kila siku."

"Basi umefungua mnada upya." Alikuwa analia bila kujijua. "Mnada uliofunguliwa haufungwi kwa maneno. Unafungwa kwa nyundo. Nisikilize, mama yangu. Nyamaza. Nikihesabu, nyamaza tu. Aichukue. Nyumba zipo, nitakutafutia nyingine, sitaki hata ujira. Yeye hana pengine pa kwenda, wewe unapo. Una watu wewe. Umenisikia? Nyamaza."

Nilikwenda nikamshika Mama mdogo mkono. Ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Nikamwambia, "Twende nyumbani. Mama anakungoja." Akanibana vidole. Nilidhani ni jibu.

Kipaza alitoa nyundo kwenye mfuko. Plastiki ikalia. Hakukuwa na sauti nyingine mtaani, hata mapacha hawakuwepo.

"Dau lako, mama wa kijivu."

"Sina mtu," ilisema sauti. "Sina mtu."

"Mara ya kwanza."

Mama mdogo aliyatazama mapazia yake. Maua ya njano. Pindo moja lilikuwa halijashonwa.

"Mara ya pili."

Akautazama mlango. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye tundu lake. Akanitazama mimi. Alinitazama vizuri, kuanzia nywele mpaka viatu, kama alivyokuwa akinikagua nikiwa mdogo kabla hajaniruhusu kutoka nje kucheza.

Kipaza aliinua mkono. "Mara ya..."

"Naongeza."

"Mama mdogo, usi..."

Alitoa mkono wake ndani ya wangu. Hakuupokonya. Aliutoa kidole kimoja kimoja.

"Mimi sina dada," alisema kwa yule aliyeketi. "Sijawahi kuwa na dada. Tulizaliwa mmoja. Na huyu binti simjui."

Tulingoja. Kipaza alingoja, mkono uko hewani. Kiti kililia kidogo, kama uzito umesogea. Sauti haikusema kitu. Kwa mara ya kwanza, haikusema kitu. Labda ilitafuta nayo mtu wake wa kumkana. Haikuwa naye.

Nyundo ikashuka juu ya meza.

"Imeuzwa," alisema Kipaza, na sauti yake haikufika hata mlangoni.

Kiti kilikuwa kitupu. Mvua ilianguka yote kwa pamoja juu ya bati, na Mama mdogo akashusha pumzi ndefu, akanyoosha gauni lake, akatugeukia. Aliangalia nyundo. Aliangalia mkono wangu, ambao bado nilikuwa nimeunyoosha. Tabasamu lake lilikuwa zuri, la adabu, lile ambalo wenye nyumba huwapa watu waliojibanza kuikwepa mvua.

"Karibuni," alisema. "Samahani, mnamtafuta nani?"

*

Kipaza alinitoa nje kwa kunishika mabega. Ameacha kazi ya mnada. Siku hizi anauza viatu vya mitumba, kila jozi imebandikwa bei yake, na mteja akitaka kubishana anamwomba kwa upole aende duka jingine.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Mama alikuwa anapanga vyombo kabatini.

"Mama," nilisema. "Mama mdogo..."

"Mama mdogo wa nani?"

"Wangu. Mdogo wako."

Alinicheka. "Wewe mtoto, una homa? Mimi nina mdogo? Ningekuwa na mdogo si ningemtuma hata dukani jamani." Akanigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akaniambia nivue hizo nguo kabla sijaugua.

Nimejaribu. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa kelele, nimemuuliza nikiwa nalia. Ananitazama kwa wasiwasi, na siku moja nilimsikia akiuliza kwa simu kama kusoma sana kunaweza kumfanya mtu hivi. Nikaacha. Tumebaki watatu tunaojua: mimi, Kipaza, na chochote kile kilichoondoka na mvua ile.

Napita kule mara moja moja. Nyumba inapendeza. Geti limetiwa mafuta, halilii tena. Mama mdogo hukaa barazani jioni akishona, amenenepa kidogo, na nikimwamkia ananiitikia vizuri: "Marahaba, binti, za kazi?" Nikisimama muda mrefu, anaanza kukusanya vitambaa vyake, anaingia ndani. Ufunguo unazunguka. Mama wa mapacha anasema ni jirani mwema, hana makuu, tatizo lake ni kwamba hana mtu. "Hata siku moja sijaona anatembelewa," anasema. "Unadhani mtu anakuwaje hivyo?" Namwambia sijui.

Wiki iliyopita tulipata mgeni, mama mmoja aliyehamia karibu yetu, mchangamfu, mwenye maswali mengi. Mimi nilikuwa namimina chai. Aliulizia aina ya mti wetu wa uani, aliulizia bei ya maji, akamgeukia mama yangu.

"Na nyie kwenu, dada, mmezaliwa wangapi?"

"Mimi peke yangu," mama alijibu, haraka, akicheka. "Wazazi wangu waliniona wakaridhika."

Akainua mkono kuonyesha, kama watu wanavyofanya bila kufikiri.

Vilikuwa vidole viwili.

Mgeni alicheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka. Aliviangalia vidole vyake, cha shahada na cha kati, vimesimama sambamba juu ya meza. Nilimwona akijaribu kukikunja kile cha pili. Akatumia mkono wa kushoto kukibonyeza.

Hakikukunjika.